Kuanza kucheza Battle for Wesnoth ukiwa Mtwara

Battle for Wesnoth ni mchezo wa kompyuta wa mbinu za vita, uliotungiwa nchi ya kubuni yenye wafalme, elfi wa msituni, maorki, watu-joka wanaotema moto na wafu waliofufuliwa kwa uchawi. Aliyeuanzisha ni David White, mwaka 2003. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2005, na tangu hapo umekuwa ukiendelezwa na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali. Kwenye kompyuta hutolewa bure, na ndani yake hamna duka la kumuuzia mwenye fedha panga kali kuliko za mwenzake. Wawili wanapokutana humo, kinachowatofautisha ni akili, subira na kiasi fulani cha bahati.

Nimeuchagua miongoni mwa michezo mingi ya aina yake kwa sababu unaendana na hali yetu. Michezo mingi ya vita ya mtandaoni humtaka mchezaji abofye upesi, na intaneti ikikwama kidogo anakuta amekwisha kuuawa kabla hajaona aliyemuua. Wesnoth huchezwa kwa zamu. Wewe unapofikiri, mwenzako anasubiri, na kinachosafiri mtandaoni ni maagizo mafupi tu ya askari fulani kutoka hapa kwenda pale, kwa hiyo mtu aliyeko Mikindani na bando dogo la simu anaweza kumaliza vita nzima na mtu aliyeko Ulaya bila yeyote kati yao kuona kasoro.

Sababu ya pili ni bao. Wengi wetu tumekulia pembeni ya ubao wa mashimo 32 na kete 64, tukiwatazama wazee wakipiga namua na mtaji, na anayejua bao huja Wesnoth akiwa tayari amezoea kuhesabu mbele kabla ya kugusa chochote. Hata hivyo, huja pia na zoea moja ambalo litamgharimu, nami niligharimika nalo kwa miezi kadhaa. Kwenye bao, kete zikilika ni lazima ule. Sheria haikupi nafasi ya kuacha. Wesnoth hailazimishi, na sehemu kubwa ya kujifunza mchezo huu ni kujifunza kumwacha adui aliye mbele yako, anayelika, kwa sababu saa ya kumla haijafika.

Kuupata na kuugawa

Mchezo hupakuliwa kwenye tovuti yake yenyewe, wesnoth.org, na hupatikana bure pia kupitia Steam na itch.io, ambayo ni maduka ya michezo ya mtandaoni. Unaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na hauhitaji kompyuta ya kisasa. Laptopu ya mtumba inayofungua nyaraka za ofisini bila kukwama itautosha. Chagua toleo imara, usichague lile la majaribio, kwa kuwa wachezaji wengi wako kwenye toleo imara.

Faili lake lina mamia ya megabaiti, na hapo ndipo bando linapouma. Njia tunayotumia sisi ni kwamba mmoja hupakua usiku kwa kifurushi cha usiku, kisha wengine hunakili kwa flashi. Jambo hili si wizi. Leseni ya mchezo, inayoitwa GPL, inamruhusu mtu yeyote kuunakili na kumpa mwenzake. Jambo la kuangalia ni namba ya toleo: mwenye 1.16 na mwenye 1.18 hawawezi kukutana kwenye mchezo mmoja, kwa hiyo andika namba hiyo kwenye jina la folda, usije ukagawa toleo moja Shangani na jingine Ligula halafu watu wakalaumu intaneti.

Ukishausakinisha, anza na mafunzo yaliyomo ndani. Utachagua kuwa Konrad au Li'sar, na mchawi mzee Delfador atakuelekeza namna ya kutembeza askari, kuajiri na kushambulia. Yafanye mara mbili. Mara ya kwanza mtu hufuata maagizo tu. Mara ya pili ndipo anapoelewa kwa nini aliagizwa.

Hesabu ya vijiji

Uwanja umegawanywa katika vigae vya pembe sita, hivyo kila kigae kina majirani sita. Kila mchezaji ana jemedari mmoja anayesimama katikati ya ngome, na akiwa hapo tu ndipo anapoweza kuajiri askari wapya, ambao hutokea kwenye vigae vya ngome vinavyomzunguka. Askari aliyeajiriwa hawezi kutembea wala kupigana mpaka zamu yako inayofuata. Jemedari wako akiuawa, umeshindwa, hata kama umebaki na askari 20 wazima.

Uwanjani kuna vijiji. Askari wako akikanyaga kijiji, kinakuwa chako na kinaendelea kuwa chako hata akiondoka, mpaka adui akikanyage. Kukiteka kijiji kipya humaliza mwendo wa askari huyo kwa zamu ile, kwa hiyo panga njia yake mapema.

Sasa naomba msomaji avumilie hesabu, kwa maana mgeni asiyeijua hushindwa asijue alishindwa lini. Kwa mipangilio ya kawaida ya mchezo wa watu wawili, kila mmoja huanza na dhahabu 100. Kila zamu hupata dhahabu 2 za msingi na dhahabu 2 kwa kila kijiji. Upande wa matumizi, kila askari hudai posho sawa na daraja lake: wa daraja la 1 anadai dhahabu 1, wa daraja la 2 anadai 2. Jemedari hadai kitu. Kila kijiji, mbali na kukulipa, hubeba posho ya daraja moja.

Chukua mfano wa mchezaji mwenye vijiji 6 na askari 7 wa daraja la 1. Posho yao ni 7, vijiji vinabeba 6, linabaki deni la 1. Mapato yake ni 2 za msingi, na 12 za vijiji, kasoro 1, jumla 13. Mpiga mkuki wa kawaida anaajiriwa kwa dhahabu 14, kwa hiyo mchezaji huyu anaweza kuongeza karibu askari mmoja kila zamu. Tuseme sasa farasi mmoja wa adui amepenya na kumnyang'anya vijiji 2. Vijiji vinabaki 4, posho isiyobebwa inapanda kuwa 3, na mapato yanakuwa 2 na 8 kasoro 3, yaani 7. Amepoteza vijiji viwili tu kati ya sita, na mapato yake yameshuka karibu nusu. Adui naye, kwa vijiji hivyo hivyo viwili, amepanda.

Mkulima wa korosho hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mwenye mikorosho michache na vibarua wengi wa palizi anajua msimu utakavyoisha, na asiyenunua salfa kwa wakati kwa kuogopa gharama anajua pia. Kwenye Wesnoth dhahabu iliyokaa bila kutumika haizai kitu, kwa hiyo katika zamu ya kwanza iajiri karibu yote. Lakini baada ya hapo usiajiri askari kwa sababu tu fedha ipo, ikiwa posho yake itazidi faida ya kigae anachokilinda.

Mchana na usiku, kujaa na kupwa

Kila zamu ina wakati wake: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, kesha la kwanza la usiku na kesha la pili, kisha kunapambazuka tena. Ni nyakati sita, zinazozunguka bila kusimama. Askari wengine ni watu wa mchana: asubuhi na alasiri nguvu zao huongezeka kwa asilimia 25, na katika makesha mawili ya usiku hupungua kwa asilimia 25. Wengine ni watu wa usiku na mambo yao ni kinyume. Alfajiri na magharibi pande hizo mbili huwa katika nguvu yao ya kawaida.

Asilimia 25 inaonekana ndogo mpaka uitazame kwenye damu. Mpiga mkuki, mtu wa mchana, hupiga mara tatu kwa nguvu ya 7. Mchana kila pigo linakuwa 9, na usiku linakuwa 5. Mapigo yake yote yakipata, mchana anatoa 27, usiku 15. Askari mwenzake wa upande wa maorki, mtu wa usiku, hupiga mara mbili kwa nguvu ya 9. Usiku kila pigo linakuwa 11 na mchana 7, yaani 22 dhidi ya 14. Wakikutana hao wawili adhuhuri, mmoja ni chui. Wakikutana usiku wa manane, chui ni yule mwingine. Hawajabadilisha silaha wala cheo.

Wanaokwenda mwambani kuokota pweza na chaza huko Mikindani hawaulizi kama wana njaa ya kwenda. Huuliza maji yanapwa saa ngapi. Huingia maji yakiwa yanarudi nyuma, hufanya kazi wakati mwamba uko wazi, na huanza kurudi kabla maji hayajageuka, kwa kuwa aliyechelewa kwa tamaa ya pweza mmoja zaidi atarudi akiogelea. Jeshi la watu wa mchana liendeshwe hivyo hivyo. Alfajiri lianze kusogea, asubuhi na alasiri lipige, na magharibi, hata kama kuna adui aliyebakiwa na uhai kidogo anayetamanisha, lianze kurudi kwenye vijiji vyake na kwenye ardhi ya kujikinga. Usiku ni wa adui. Mwache aje, ajitandaze, apambazukiwe akiwa mbali na kwake.

Hapa ndipo zoea la bao liliponiponza. Nilikuwa nikiona anayelika, ninamla, na zamu mbili baadaye walaji wangu watatu wamezungukwa gizani. Jirani yetu mmoja, mzee anayecheza bao chini ya mwembe kila jioni, alisimama siku moja nyuma ya kiti changu akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, hapo ukiacha kula, sheria inakukamata?" Nikamjibu, "Hapana, Babu, hainikamati." Akasema, "Sasa unakimbilia wapi?" Nilishindwa mchezo ule, lakini swali lake nalitumia mpaka leo kila jua la kwenye kioo linapotua.

Angalizo: aliyeandaa mchezo anaweza kuweka wakati wa kuanzia uchaguliwe kwa bahati, kwa hiyo zamu ya kwanza si lazima iwe alfajiri. Tazama picha ya jua au mwezi pembeni mwa kioo kabla hujaamua lolote.

Ardhi, na malalamiko kuhusu bahati

Kila askari ana kinga yake kulingana na kigae anachokanyaga. Binadamu wa kawaida kwenye uwanda wa nyasi ana kinga ya asilimia 40, maana yake kila pigo linalomjia lina uwezekano wa asilimia 60 wa kumpata. Akiwa kijijini au ngomeni kinga yake ni asilimia 60. Elfi msituni wana asilimia 60 au zaidi, na watu-joka, kwa ukubwa wa miili yao, hupigika karibu kila mahali. Anayeshambuliwa hujibu kwa silaha ya aina ile ile: upanga hujibiwa kwa silaha ya mkononi, mshale kwa silaha ya mbali, na asiye na silaha ya mbali hupigwa mishale akiwa ameduwaa. Kumpiga mpiga upanga kwa mishale ni kumpiga bure, na nafasi kama hiyo isikupite.

Mpiga mkuki anayempiga adui aliye kwenye nyasi ana uwezekano wa asilimia 21.6 wa kupatisha mapigo yote matatu, na asilimia 6.4 wa kukosa yote. Adui huyo akiwa kijijini, hesabu inageuka: asilimia 6.4 kupata yote, asilimia 21.6 kukosa yote. Mtu anayelalamika kuwa mchezo unamdhulumu mara nyingi ni mtu anayeshambulia vijiji mchana kutwa kwa mikuki. Bahati ipo, na ipo siku itakukasirisha kwa haki kabisa, lakini nusu ya kile mgeni anachokiita mkosi kilikuwa kimeandikwa kwenye kisanduku kinachofunguka kabla ya kila shambulio, kikionyesha silaha za pande zote mbili, na mna kitufe ndani yake cha kuonyesha hesabu kamili ya matokeo. Kisome kila mara. Silaha za uchawi, kwa mfano za mchawi wa moto, hupata kwa asilimia 70 popote adui alipo, na ndiyo maana mchawi huyo anagharimu dhahabu 20.

Aina ya silaha nayo ina uzito. Mifupa inayotembea ya upande wa wafu hupunguza nguvu ya mkuki kwa asilimia 60 na ya upanga kwa asilimia 40, hivyo mkuki wa 7 unakuwa wa 3. Lakini rungu na moto huiumiza kwa asilimia 20 zaidi. Kuipelekea mifupa kikosi cha mikuki ni kupoteza siku. Mpelekee askari mzito mwenye rungu, au mchawi wa moto.

Kuziba njia

Kila askari wa daraja la 1 au zaidi ana himaya juu ya vigae sita vinavyomzunguka. Adui akiingia kwenye kimoja wapo hulazimika kusimama hapo hapo, hata kama alikuwa na mwendo mwingi. Kwa hiyo huna haja ya kuwapanga askari bega kwa bega. Ukiacha vigae viwili vitupu kati ya mmoja na mwingine, bado hakuna atakayepita kwa zamu moja. Askari wa daraja la 0, kama maiti zinazotembea ambazo huajiriwa kwa bei ndogo, hawana himaya hii, na wapo wachache, kama watu-mijusi wapenyaji, ambao himaya haiwazuii. Wageni wengi hugundua jambo hili siku jemedari wao anapozungukwa na kukosa pa kutokea.

Upande wa kuanzia

Pande za msingi ni Loyalists, askari wa mfalme. Rebels, ambao ni elfi na washirika wao. Northerners, yaani maorki na majitu. Undead, wafu na wachawi wao. Knalgans, wafua chuma wafupi wa milimani pamoja na wahuni wao. Na Drakes, watu-joka pamoja na watu-mijusi. Mgeni aanze na Loyalists. Wana aina nyingi za silaha, wengi wao ni watu wa mchana kwa hiyo mpangilio wa kujaa na kupwa ni rahisi kuukumbuka, na wana askari nguva wa majini, ambao kwa mtoto wa pwani hawahitaji maelezo.

Undead huwavutia vijana kwa sura zao, na si upande mbaya, ila mwanafunzi wa uchawi wao hana silaha yoyote ya mkononi. Ukimsahau mbele kwa zamu moja umempoteza. Northerners ni rahisi kwa kuwa askari wao mkuu anagharimu dhahabu 12 tu na ana uhai wa 38, ukilinganisha na 36 wa mpiga mkuki wa 14.

Mchezo wa kwanza na mtu

Tumia uwanja mdogo wa watu wawili, kama Den of Onis au The Freelands. Kwa dhahabu 100 za Loyalists ninaajiri wapiga mkuki watatu, mpanda farasi mmoja wa dhahabu 17, mchawi wa moto mmoja, na askari nguva ikiwa kuna maji yenye vijiji. Jumla ni 93, ingawa bei hubadilishwa kidogo kati ya toleo na toleo. Mpanda farasi mwajirishe kwenye kigae cha ngome kinachoelekea vijiji vya mbali, kwa kuwa ndiye atakayevifikia upesi. Vijiji vya karibu viachie waendao kwa miguu. Jemedari naye anaweza kutoka kuteka kijiji kilicho jirani, mradi arudi ngomeni kabla dhahabu ya kuajiri haijakusanyika.

Kuanzia zamu ya nne hivi mtaanza kuonana. Bonyeza Ctrl na V pamoja, na mchezo utakuonyesha vigae vyote ambavyo adui unaowaona wanaweza kuvifikia. Nilicheza miezi miwili bila kukijua kitufe hicho, na sitaki umfanyie mtu mwingine ukatili wa kutomwambia. Kabla ya kumaliza zamu, jiulize kila askari wako wa mbele anaweza kupigwa na wangapi. Anayeweza kupigwa na wanne kwenye nyasi usiku, mrudishe.

Aliyeumia apelekwe kijijini, ambako hupona uhai wa 8 kila zamu. Asiyetembea wala kupigana huongezewa 2. Mwenye sumu hupoteza 8 kila zamu, na akifika kijijini huondolewa sumu kwanza, ndipo aanze kupona zamu inayofuata. Askari hupata uzoefu kwa kila pambano kulingana na daraja la adui, na anayeua hupata mara 8 ya daraja hilo, kwa hiyo pigo la mwisho mwachie yule anayekaribia kupanda daraja: akipanda, uhai wake hujaa upya papo hapo.

Kuingia seva na kukaa na watu

Kwenye sehemu ya wachezaji wengi, chagua seva rasmi na uandike jina la kuchezea. Jina ambalo halijasajiliwa na mtu unaweza kulitumia bila kujisajili, lakini ukilipenda ulisajili, lisije likachukuliwa. Usitumie jina lako kamili, na usitaje namba ya simu wala shule. Mengine ya usalama ni yale yale ya mtandao wowote.

Ukumbini utaona orodha ya michezo, inayosubiri watu na inayoendelea. Kwa siku chache ingia kama mtazamaji. Tazama wanavyorudi nyuma magharibi, ambako mgeni angeshambulia. Nimejifunza zaidi kwa kutazama kuliko kwa kushindwa, na nimeshindwa mara nyingi. Ukiandaa mchezo wako, andika kwenye jina lake kuwa wewe ni mgeni, na weka saa ya zamu, isiwe fupi ya kukuhangaisha wala ndefu ya kumsinzisha mwenzako.

Salimu mnapoanza na agana mnapomaliza. Ukiona umeshindwa, sema, kisha jisalimishe. Kuchomoka kimya kimya kunamwacha mwenzako akijiuliza kama ni wewe uliyekimbia au ni umeme uliokatika. Umeme ukikatika kweli, rudi ukumbini uombe radhi. Mchezo wa watu wengi unaweza kuhifadhiwa na kuendelezwa siku nyingine, kwa hiyo mkubaliane kuhifadhi iwapo wingu limetanda na LUKU inasoma vibaya.

Intaneti ikikatika yote

Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari ziliharibika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Siku zile ndizo tulizocheza kuliko nyingine zote, kwa kuwa Wesnoth haihitaji intaneti kuwakutanisha watu waliomo chumba kimoja.

Njia rahisi ni kompyuta moja, watu wawili, wakipokezana kiti: chagua mchezo wa ndani, mpe kila mmoja upande wake, na kompyuta itaficha yasiyomhusu ikiwa mmewasha ukungu. Njia bora zaidi ni kompyuta mbili au tatu kwenye ruta moja, hata isiyo na intaneti. Msipokuwa na ruta, washeni mtandao wa kugawa kwenye simu moja, zimeni data ili bando lisiguswe, kisha kompyuta zote zijiunge na simu hiyo. Mmoja wenu kwenye orodha ya wachezaji wengi achague kuandaa mchezo wa mtandao. Windows ikiuliza kama programu iruhusiwe kupita, aruhusu. Kisha afungue dirisha la amri, aandike ipconfig, na asome anwani ya kompyuta yake, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Wengine wachague kujiunga na seva, waandike anwani hiyo, na ikihitajika waongeze alama ya nukta mbili (:) na namba 15000, ambao ndio mlango unaotumiwa na seva ya mchezo.

Mkishindwa kuonana, angalieni mambo matatu kwa mpangilio huu: kwanza namba ya toleo kwenye kompyuta zote, pili kama kila mmoja amejiunga na simu ile ile, tatu kama ruhusa ya Windows ilitolewa. Kwa uzoefu wetu, tatizo mara nyingi huwa ni la kwanza. Laptopu yenye betri dhaifu ndiyo isipewe kazi ya kuandaa, kwa kuwa ikizimika mchezo wa wote umekatika. Na aliyeandaa ahifadhi kila zamu ya tano hivi, ili umeme ukirudi afungue faili lile na wengine wajiunge kwa anwani mpya, ambayo huenda ikawa imebadilika.